Habari za Wakili wa Mji Mdogo: Abraham Lincoln Kabla Hajawa Rais

Watu wengi wakisikia jina la Abraham Lincoln humkumbuka kuwa ndiye Rais wa Marekani aliyetangaza uhuru wa watumwa tarehe 1 Januari 1863, kisha akauawa kwa risasi mwezi wa Aprili mwaka 1865. Habari hizo ni za kweli, wala hatutaki kuzipunguza. Lakini kabla ya kuitwa Rais alikuwa wakili katika mji mdogo wa Springfield, jimbo la Illinois, muda wa karibu miaka 24. Nasi katika kurasa hizi za yubile twapenda kuwaeleza wasomaji, na hasa ninyi walimu, jinsi alivyoufikia uwakili ule. Kwa maana hakuupata kwa shule, wala kwa mali, wala kwa ukoo. Tena twapenda kueleza jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi, nalo ni matumizi ya elimu yenyewe. Wazee wetu walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika maisha ya mtu huyu tutauona msumeno huo ukikata pande zote mbili.

Utoto wake

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky, ndani ya nyumba ya magogo yenye chumba kimoja tu. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala, na katika kuandika alijua kwa shida kutia jina lake. Mwaka 1816 walihamia Indiana, nchi ya msitu mkubwa, na kijana akapewa shoka mkononi angali mdogo ili asaidie kufyeka. Miaka miwili baadaye mama yake, Nancy, alikufa kwa ugonjwa uletwao na maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye sumu. Baba akaoa tena mwaka 1819, akamwoa mjane jina lake Sarah Bush Johnston. Mama huyu wa kambo alimpenda kijana kama mwanawe wa kumzaa, akamwacha asome wala hakumzuia.

Shule aliingia kwa vipande vipande, majuma machache mwaka huu, majuma machache mwaka ule. Mwenyewe alisema baadaye ya kuwa siku zake zote za shule zikikusanywa hazitimizi mwaka mmoja. Yaliyobaki aliyapata kwa kuazima vitabu.

Mwaka 1830 jamaa wote wakahamia Illinois. Mwaka uliofuata Abraham alishuka mtoni na wenziwe katika chombo cha mbao chenye tumbo pana, wakapeleka bidhaa mpaka New Orleans. Aliporudi alikaa katika kijiji cha New Salem, kando ya mto Sangamon, akawa karani wa duka. Kijiji kile hakikupata kufikia watu 300. Hapo ndipo palipokuwa chuo chake.

Jinsi alivyokuwa askari

Katika mwezi wa Aprili mwaka 1832 palitokea vita. Mzee mmoja wa kabila la Wasauk, jina lake Black Hawk, aliuvuka mto Mississippi pamoja na watu zaidi ya 1,000, wanaume na wanawake na watoto, wakarudi upande wa nchi ya baba zao. Nchi ile ilikuwa imetolewa kwa mkataba wa mwaka 1804, lakini Black Hawk alisema kwamba waliotia sahihi hawakuwa na ruhusa ya kuiuza. Gavana wa Illinois akaita askari wa kujitolea.

Lincoln alikuwa na umri wa miaka 23, na duka alilokuwa akifanya kazi lilikuwa karibu kufungwa. Akajiandikisha. Desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba askari wa kujitolea wajichagulie mkubwa wao wenyewe. Waliotaka kuongoza husimama mbele, na kila askari huenda kusimama nyuma ya yule amtakaye. Walio wengi wakasimama nyuma ya Lincoln, akawa kapteni. Hata mwaka 1859, alipokuwa mtu mashuhuri, aliandika ya kuwa hajapata tena ushindi uliomfurahisha kama ule. Nasi twaelewa sababu yake. Mtu asiye na baba mkubwa wala shamba wala fedha, alikuwa ameambiwa na wenzake ya kuwa wanamwamini.

Ya uaskari hakuyajua. Husimuliwa kwamba siku moja alikuwa akikiongoza kikosi chake shambani, wakafika penye lango jembamba, naye hakukumbuka neno la amri la kuwapitisha mmoja mmoja. Basi akawaamuru watawanyike kwa dakika mbili, kisha wakusanyike tena upande wa pili wa lango. Husimuliwa pia na watu waliokuwa naye ya kuwa mzee mmoja wa wenyeji wa asili aliingia kambini akiwa na barua ya kumlinda njiani, askari wakataka kumwua wakisema ni mpelelezi. Lincoln akasimama mbele yake, akasema kwamba hapana mtu atakayemgusa. Wale wakanung'unika, lakini yule mzee akaokoka.

Muda wa kwanza wa kazi ulipokwisha, wengi walirudi makwao. Lincoln akajiandikisha tena, safari hii kama askari wa kawaida asiye na cheo, kisha akajiandikisha mara ya tatu. Kwa jumla alitumika siku zipatazo 80. Hakupigana vita hata mara moja, ila alisaidia kuwazika watu waliouawa na wengine. Alipokuwa mjumbe wa Bunge mwaka 1848 alijifanyia mzaha mwenyewe, akasema ya kuwa damu aliyoimwaga vitani aliimwaga kwa mbu. Aliachiliwa mwezi wa Julai, na usiku wa kabla ya kuondoka mwizi akamwibia farasi wake, hata ikambidi kurudi kwa miguu na kwa mtumbwi, safari ya mamia ya maili. Mwezi uliofuata, yeye akiisha kurudi, vita vilimalizika penye mto uitwao Bad Axe kwa mauaji makubwa ya Wasauk, wanawake na watoto pia wakiwamo. Mambo hayo si ya kusifiwa, nasi hatuyasifu.

Lakini katika vita vile alipata kitu kilichomgeuza maisha. Mmoja wa maofisa alikuwa Meja John Todd Stuart, wakili wa Springfield, kijana aliyemzidi mwaka mmoja na kitu tu. Wakafahamiana kambini. Lincoln alitoka vitani hana farasi wala fedha, ila ana rafiki mwenye vitabu.

Deni lake

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alisimama katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la jimbo, akashindwa. Ingawa katika eneo lake la kupigia kura, la New Salem na kandokando yake, alipewa kura 277 katika kura zipatazo 300. Akafungua duka kwa kukopa, pamoja na mwenzake William Berry. Duka likafilisika, na mwenzake akafa mwaka 1835, mzigo wote wa deni ukamwangukia Lincoln. Deni lilikuwa kadiri ya dola 1,100, nayo ilikuwa fedha nyingi mno kwa mtu wa hali yake. Alikuwa akiliita kwa mzaha deni la taifa.

Katika nchi ile iliyokuwa ikifunguliwa upya, mtu mwenye deni aliweza kuhama usiku akaenda magharibi, asionekane tena, na wengi walifanya hivyo. Lincoln hakuhama. Alipata kazi ya posta ya kijiji mwaka 1833, akawa akichukua barua za watu ndani ya kofia yake. Akajifunza upimaji wa ardhi kitabuni, akawa msaidizi wa mpima ardhi wa wilaya. Hata hivyo mdai mmoja alimshtaki, na mahakama ikaagiza farasi wake na vyombo vyake vya kupimia viuzwe. Rafiki mmoja akavinunua mnadani, akamrudishia.

Twaomba wasomaji walitie jambo hili moyoni. Katika siku zile za dhiki Lincoln aliingia mahakamani akiwa mdaiwa, akajua kwa nafsi yake jinsi mtu anavyosikia anapoitwa jina lake mbele ya hakimu, naye hana cha kulipa. Deni lile alilimaliza lote, ijapokuwa ilimchukua miaka mingi.

Kitabu cha kuazima

Mwaka 1834 alisimama tena katika uchaguzi, akashinda. Katika safari za kuomba kura Stuart alimsihi ajifunze sheria, akamwambia achukue vitabu kwake. Toka New Salem mpaka Springfield ni kadiri ya maili 20. Lincoln alikwenda, mara nyingine kwa miguu, akachukua kitabu, akarudi akisoma njiani. Kitabu cha kwanza kikubwa kilikuwa maelezo ya sheria ya Uingereza yaliyotungwa na William Blackstone, mabuku manne. Hakuwa na mwalimu wa kumsomesha. Mchana alipima mashamba apate chakula, na alipopata nafasi alilala chini ya mti na kitabu, akijikumbusha aliyoyasoma kwa kuyasema kwa sauti. Majirani wengine walimwona kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Sheria ya jimbo wakati ule haikudai cheti cha chuo. Ilitakiwa kwanza mahakama ishuhudie ya kuwa mtu yule ana mwenendo mwema; naye alishuhudiwa hivyo tarehe 24 Machi 1836. Tarehe 9 Septemba mwaka huo akapewa ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili, na tarehe 1 Machi 1837 jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili wa Illinois. Toka aliporudi vitani zilikuwa zimepita karibu miaka mitano.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1855, kijana mmoja alimwandikia akitaka kuja kusomea sheria kwake. Lincoln akamjibu ya kuwa si lazima asome pamoja na mtu fulani, wala mahali pakubwa; yeye mwenyewe alisomea kijijini. Vitabu ni vile vile kila mahali, na azimio la kutaka kufaulu lashinda mengine yote.

Kazi yake Springfield

Tarehe 15 Aprili 1837 aliingia Springfield juu ya farasi wa kuazima, na vitu vyake vyote vilitosha katika mifuko miwili ya tandiko. Akaingia katika duka la Joshua Speed, akauliza bei ya kitanda na matandiko yake. Akaambiwa dola 17. Akasema hana, ila akikopeshwa mpaka Krismasi, na kazi ya uwakili ikifaulu, atalipa. Speed alimtazama usoni akamhurumia, akamwambia apande ghorofani, wakae pamoja chumba kimoja bila malipo.

Stuart akamchukua awe mshirika wake. Wakafanya kazi pamoja mpaka mwaka 1841. Kisha akashirikiana na Stephen Logan, wakili hodari aliyemfundisha kutengeneza kesi kwa uangalifu. Na toka mwaka 1844 akawa yeye mkubwa, na kijana William Herndon mshirika wake.

Mara mbili kila mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika, hakimu na mawakili walizunguka mji hata mji kuhukumu kesi. Walipanda farasi au gari la farasi, wakapita katika matope na mito isiyo na daraja, wakalala wawili wawili katika kitanda kimoja cha nyumba ya wageni. Lincoln alipenda safari zile. Kesi zake katika maisha yote zilikuwa zaidi ya 5,000, na nyingi zilikuwa za madeni. Nyingine zilikuwa za mipaka ya mashamba, za mifugo, za matusi, za ndoa, na chache za kuua. Mara nyingi ujira wake ulikuwa kati ya dola 5 na 20. Lakini aliposhinda kesi kubwa ya kodi kwa ajili ya kampuni moja ya reli, nayo ikasita kumlipa, aliishtaki mwaka 1857 akapata dola 5,000.

Katika maandiko aliyoyaacha kwa ajili ya mawakili vijana, aliwashauri wawazuie watu wasishtakiane, wawapatanishe majirani kila iwezekanapo, kwa sababu mara nyingi hata mshindi wa kesi hupoteza kwa gharama na kwa muda. Tena alisema ya kuwa mtu akiona hawezi kuwa wakili mwaminifu, na aache uwakili, ashike uaminifu.

Kesi tatu

Sasa tumefika penye ule msumeno tuliousema mwanzo.

Kesi ya kwanza ilihukumiwa mwaka 1841. Mwanamke mweusi jina lake Nance alikuwa ameuzwa kwa mtu aitwaye Bailey, naye Bailey akaandika hati ya kuahidi kulipa. Muuzaji alikufa, na warithi wake wakaidai fedha ile. Mahakama ya chini iliwapa haki warithi. Lincoln akamsimamia Bailey katika rufani mbele ya Mahakama Kuu ya Illinois. Akasema kwamba katika jimbo lile kila mtu huhesabiwa kuwa huru, asipothibitishwa kuwa mtumwa. Basi mtu huru hauziki, na hati ya kumnunua haina nguvu. Mahakama ikakubali. Hivyo kesi iliyoanza kama kesi ya deni ikaishia kuthibitisha uhuru wa mwanamke yule.

Kesi ya pili ilikuwa mwaka 1847, katika wilaya ya Coles. Tajiri mmoja wa Kentucky, Robert Matson, alikuwa na shamba Illinois, akileta watumwa kulilima kisha akiwarudisha kwao. Mama mmoja, Jane Bryant, aliyekuwa na mume huru, alisikia ya kuwa watoto wake watauzwa mbali. Akakimbia nao, wakapewa hifadhi na watu wawili waliochukia utumwa. Matson akawadai mahakamani. Je, Lincoln alisimama upande gani? Alisimama upande wa Matson. Alitumia elimu ile ile, akijaribu kuonyesha ya kuwa watumwa wale walikuwa wapitaji tu Illinois, wala hawakukaa kama wenyeji. Akashindwa, na mahakama ikamwachilia Jane pamoja na watoto wake wanne.

Wako wanaomtetea wakisema kwamba wakili ni kama tabibu, hamchagui amjiaye. Lakini watoto wanne walikuwa hatarini, na ulimi uliomfaa Nance ulitumika dhidi yao. Hatuandiki haya kwa kumdhili marehemu. Twaandika kwa sababu wasifu usemao nusu hudanganya watoto. Elimu haimfanyi mtu kuwa mwema siku zote. Humpa nguvu, na kila siku humbidi achague nguvu ile aiweke wapi.

Kesi ya tatu ni ya mwaka 1858. Alipokuwa kapteni vitani, mmoja wa askari wake alikuwa Jack Armstrong wa New Salem, bingwa wa mieleka ambaye mwanzo alishindana naye, kisha akawa rafiki yake. Mkewe Jack, Hannah, alimpa Lincoln chakula katika siku za ufukara, akamtilia suruali yake ngozi ya kulungu isipasuliwe na miiba alipokuwa akipima ardhi. Sasa Jack amekufa, na mwanawe, Duff, ameshtakiwa kwa kumwua mtu usiku wa tarehe 29 Agosti 1857. Lincoln akaenda katika mji wa Beardstown kumtetea.

Shahidi mkuu aliapa kwamba aliona pigo kwa macho yake akiwa mbali kadiri ya futi 150, karibu na saa tano za usiku, kwa kuwa mwezi ulikuwa juu ukiangaza sana. Lincoln akamwuliza mara nyingi, kwa upole, mpaka akalirudia neno lile la mwezi bila kuacha njia ya kurudi nyuma. Ndipo akaomba iletwe almanaka, kitabu kionyeshacho mwezi unavyopanda na kushuka. Ikaonekana ya kuwa saa ile mwezi ulikuwa chini, umekaribia kutua. Watu 12 walioapishwa waamue kesi wakamwona Duff hana hatia. Lincoln hakupokea hata senti moja kwa mjane yule.

Mambo ya kushika

Mwezi wa Februari mwaka 1861, alipokuwa akiondoka Springfield kwenda kuwa Rais, alimwambia Herndon akiache kibao chenye majina yao kining'inie mlangoni. Maana akijaliwa kurudi, wataendelea na kazi yao ya sheria. Hakurudi akiwa hai.

Basi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu, katika habari hizi tunaona mambo mawili ya kufanyia kazi. La kwanza ni la Bwana Stuart. Hakumpa Lincoln fedha. Alimwazima vitabu, akamvumilia kijana mwenye viatu vya matope aingiaye na kutoka nyumbani kwake. Katika parokia zetu mna vitabu vilivyofungiwa sandukuni na kabatini, vikiliwa na mchwa, na nje wamesimama vijana wenye njaa ya kusoma ambao ada ya shule iliwashinda. Tufungue makabati hayo. Kitabu kikichakaa mkononi mwa msomaji, kimefanya kazi yake.

La pili ni la Jane Bryant na watoto wake. Tunapofurahi kwamba mtoto wetu amepata elimu, ya sheria au ya udaktari au ya ukarani, tusiishie kumwuliza atalipwa nini. Tumwulize pia atasimama upande wa nani, tena tumwulize mapema, kabla Matson hajafika mlangoni kwake na ujira mkononi.